Madam wa Kemia na Maziwa ya Wachomaji

Niseme mapema nisije nikaonekana nampamba: Madam wa Kemia hakuwa mtu rahisi. Alikuwa na ulimi. Ukichelewa kipindi unamkuta mlangoni mwa ofisi ya walimu, mikono nyuma, anakuamkia yeye, ilhali wewe ndiye mdogo: "Shikamoo, mzee." Shikamoo hiyo inakukaa rohoni wiki nzima. Tulifundisha pamoja miaka mingi katika sekondari moja ya kata upande wa Bugarama, yeye Kemia, mimi Fizikia, na kwa kuwa ofisi ilikuwa finyu meza zetu zilipakana. Alikozaliwa na ukoo wake waulizeni wa kwao. Mimi namjua kuanzia kwenye meza ile.

Alichotaka katika kazi ni kitu kimoja, na alikisema hadharani bila aibu: apelekwe kusoma tena. Hakutaka cheo wala cheti cha kutundika ukutani. "Nataka mtu anikalishe chini aniambie nini kimebadilika," alikuwa anasema. "Nimetoka chuo hawa watoto hawajazaliwa. Mnadhani Kemia imekaa inanisubiri mimi?" Akisikia kuna mafunzo ya walimu wa sayansi, hata Mwanza, hata Dodoma, anaacha kusahihisha, anaweka kalamu chini, anauliza: nani anakwenda?

Alivaa koti jeupe la maabara ambalo weupe wake ulishabaki jina tu. Mkono mmoja ulikuwa na matundu ya asidi. Mfuko mmoja una chaki, mwingine una michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani, ambavyo kwa Wasukuma ni akiba ya kiangazi na kwake vilikuwa chai, chakula cha mchana na rushwa. Mwanafunzi akijibu swali gumu anapewa kipande chenye vumbi la chaki, na anakila mbele yake, maana kukikataa ni balaa jingine. Asiyejibu aliitwa Naitrojeni. "Umejaa darasani kuliko wote na hufanyi chochote na mtu yeyote! Naitrojeni mkubwa wewe!" Nawajua watu wazima, wana ndevu na madeni, hadi leo wakikutana Kahama wanaitana Naitrojeni na kucheka mpaka machozi.

Maabara tulikuwa nayo, msije mkasema serikali haikufanya kitu. Ilikuwa na kuta, madirisha na kibao mlangoni, na ndani yake tulihifadhi magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi. Wageni wakija mahindi yanafunikwa turubai, wanapigwa picha, wanakunywa soda, wanaondoka. Madam alifanyia vitendo varandani. Alipimia asidi kwa mabomba ya sindano aliyoombaomba zahanati, akachemsha maua ili apate rangi ya kutambua besi. Watu wakisikia habari hizi hupenda kusema, "Lo, mwalimu mbunifu!" Mimi zinanikera. Yeye mwenyewe zilimkera. Siku moja mgeni alimsifia ubunifu, akamjibu, "Nipe vifaa uone nitakavyoacha kubuni."

Kanisani alikuwa anaimba sauti ya tatu, tena kwa nguvu, na hakuwa na sauti. Alikuwa hapendi walimu wanaokopesha wanafunzi maksi, lakini nilimwona zaidi ya mara moja akimnunulia sare mtoto ambaye amemwita Naitrojeni asubuhi hiyo hiyo. Ukimshukuru anakufokea.

Sasa lazima nieleze habari ya moshi, la sivyo hamtanielewa.

Huku kwetu dhahabu ya wachimbaji wadogo inakamatishwa kwa zebaki. Mawe yakishasagwa, mchanga wake unaoshwa kwenye mwalo, yaani pale penye mabwawa na maturubai ya kuoshea, kisha unachanganywa na zebaki. Zebaki inakamata zile punje, mnapata donge la rangi ya fedha. Donge hilo linachomwa. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Wachomaji wengi ni akina mama, na wanachomea jikoni, kwenye jiko la mkaa lile lile linaloivisha ugali, mlango umefungwa na dirisha limefungwa. Watalaumiwa na wasiojua, lakini dhahabu haichomwi mlango wazi kila mpita njia akaona una nini. Watu wamevamiwa kwa sababu hiyo.

Na wachomaji walikuwa na desturi yao: ukimaliza kuchoma, unakunywa maziwa. Wanasema yanatoa sumu. Kila mwalo una akina mama wa maziwa wanaotoka vijijini kwa wafugaji na ndoo zao, na wateja wao wakubwa ni wachomaji. Nani alianzisha desturi hiyo hakuna ajuaye. Ilikuwepo tu. Lakini ilikuwa desturi ambayo watu waliitilia shaka kidogo, mpaka Madam alipoipigia muhuri.

Palikuwa na mama mmoja, Mama Kulwa, anayewachomea watu wengi pale kitongojini. Mapacha wake, Kulwa na Doto, walisoma kwetu. Siku ya kikao cha wazazi alitufuata mezani, amejifunga kitenge vizuri, akasema na Madam kwa heshima.

"Madam, wewe ndiye msomi wa hizi dawa. Huu moshi wa donge hautuui? Nasikia watu wanasema ni sumu."

"Ni sumu kweli, Mama Kulwa. Fungua dirisha, usiinamie jiko, na ukimaliza unywe maziwa. Maziwa yanaishika ile sumu isiingie mwilini. Tulifundishwa chuoni."

"Kwa hiyo ya maziwa ni kweli?"

"Ni kweli."

"Wabeja, Madam." Alishukuru kwa Kisukuma, akaondoka amefurahi.

Na chuoni walimfundisha kweli, ila walimfundisha kitu kingine. Walimwambia mtu aliyemeza chumvi za zebaki anyweshwe maziwa wakati anakimbizwa hospitali. Yeye akaihamisha kutoka kwa aliyemeza hadi kwa aliyevuta. Kosa dogo, la mtu aliyesoma kitu mara moja ujanani na hakukisikia tena. Lakini alilirudia darasani kila mwaka, na kila mwaka watoto walilibeba kwenda nalo nyumbani. Alisema dirisha, akasema maziwa. Dirisha hawakulichukua, kwa sababu zile za jirani kuona. Maziwa waliyachukua. Ikawa ukimuuliza mchomaji kwa nini haogopi, anakujibu, "Madam wa sekondari mwenyewe kasema."

Sasa niwaeleze utaratibu wa semina shuleni kwetu, na nitajitahidi nisitukane. Semina ilikuwa na posho. Kwa hiyo machoni petu semina haikuwa masomo, ilikuwa keki. Mkuu wetu wa shule, mtu mpole, mcha Mungu, aliona njia ya kuepuka majungu ni kuigawa kwa zamu. Barua ikija inamtaka mwalimu wa Hisabati, anakwenda ambaye zamu yake imefika, awe wa Uraia, awe wa Kiswahili. "Wote tuna watoto," alisema Mkuu, na ofisi nzima ikashangilia. Mwalimu wa Jiografia alikwenda mafunzo ya Baiolojia akarudi kutuambia habari za seli. Tulipomuuliza zikoje, akasema ziko nyingi.

Na wa kwanza kuunga mkono zamu alikuwa Madam huyo huyo mwenye kiu ya kusoma. Nilimuuliza, umelogwa? Akaniambia, "Mdogo wangu, nikisema wa sayansi tu ndio waende, hawa wengine watakula nini? Ni haki. Yangu itafika."

Ilifika. Ilikuja barua ya mafunzo Mwanza, mafunzo ya Kemia hasa, vitendo na usalama wa kemikali, na zamu ikaangukia kwake. Sikuwahi kumwona vile. Alisuka nywele. Alishona gauni. Alinichosha kwa maswali atakayokwenda kuuliza, ananiuliza mimi kwanza kama ni maswali ya kijinga. Wanafunzi walipumua, maana hata Naitrojeni hawakuitwa siku hizo.

Katikati ya furaha hiyo, mke wa Mwalimu wa Historia akajifungua kwa upasuaji Kahama, mambo yakaharibika, akabaki wodini. Mwalimu wa Historia alikuwa kijana mwenzetu, mkimya. Alikuja akakaa kwenye benchi karibu na meza zetu, akaangalia sakafu, hakuomba kitu. Mshahara ulikuwa bado. Madam alimtazama, akarudi kusahihisha, akamtazama tena.

"Wewe," alisema. "Nenda Mwanza badala yangu. Posho itakusaidia wodini."

"Madam, mimi Kemia sijui."

"Na nani hapa anakwenda semina anayoijua?"

Nilimshika mkono tulipotoka nje. "Madam, una wazimu? Umeisubiri hii muda wote!"

"Mke wa mtu amelala na kidonda, wewe unaniletea habari za kemia? Nitakwenda ijayo."

Mwalimu wa Historia alirudi na begi jeusi la semina, kofia na fulana. Kwenye kikao akasimama kutoa mrejesho kama ilivyo desturi. Alisema wamepokelewa vizuri, chakula kilikuwa kizuri, na wamesisitiziwa usalama. "Tuwe makini sana na kemikali, hususan zebaki. Zebaki ni hatari."

"Wamesema nini kuhusu zebaki?" Madam aliuliza.

"Kwamba ni hatari, Madam. Ni hatari sana."

"Hiyo naijua. Wamesema kitu kingine?"

"Walieleza mengi, ila ilikuwa kwa lugha ya kitaalamu."

Watu wakacheka, wakampigia makofi ya pasha ya pongezi, tukaendelea na ajenda ya utoro. Simlaumu, na nimejaribu kumlaumu. Mawazo yake yalikuwa wodini, na hata yangekuwa ukumbini, mtu hawezi kurudi na kitu ambacho hakujua kwamba ni kitu. Aliyekuwa na swali alibaki Bugarama anasahihisha.

Ijayo haikuja. Mafunzo yalikauka, yakarudi, zamu ikaanza kuzunguka upya kutoka juu, wakaongezeka walimu wapya. Wakati huo wote Mama Kulwa anachoma. Alizaa mtoto mwingine baada ya mapacha, na kwa kuwa ndiyo mila, akaitwa Shija. Shija alikawia kukaza shingo. Watoto wa rika lake walishaanza kukimbiza kuku, yeye bado yuko mgongoni. Mama yake naye alianza kubadilika. Ukikaribishwa chai kwake, inamwagika kabla haijakufikia. Anakusalimia, mnaongea, anakusalimia tena. Madam alimwambia apunguze kuchoma. Mama Kulwa akamwambia asiwe na wasiwasi, ameongeza maziwa.

Nafasi ya Madam kwenda mafunzo ilipokuja kwa mara nyingine alikuwa anakaribia kustaafu, na safari hii nilimwambia akiitoa kwa mtu sitamsemesha tena. Akaenda. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe. Alikaa mbele kabisa. Mwezeshaji alikuwa kijana ambaye Madam angeweza kumzaa. Kijana akauliza ukumbini: nyie mnaotoka maeneo ya machimbo, wachomaji wenu wanajikingaje? Madam akanyoosha mkono haraka kabla hajawahiwa.

"Sisi tunawafundisha wanywe maziwa."

Kijana hakumcheka. Alimwambia kwa upole, "Mama, mvuke wa zebaki unaingia kwa pua. Unakwenda kwenye mapafu, unaingia kwenye damu, unafika mpaka kwenye ubongo. Maziwa yanakwenda tumboni. Hayakutani popote." Halafu akageukia ukumbi mzima. "Hili tulilieleza hata yale mafunzo ya kwanza kule Mwanza. Shule zenu si zilileta watu?"

Nilikwenda kumpokea alipoteremka kwenye gari. Hakunisalimia. Alikuwa na begi jeusi kama lile la Mwalimu wa Historia, amelikumbatia kifuani.

"Nyumbani baadaye," alisema. "Kwanza twende kwa Mama Kulwa."

Tulimkuta uani, amempakata Shija. "Karibuni! Madam, umerudi na begi!" Akatutafutia vigoda. Madam hakukaa kwenye kigoda, alikaa chini kwenye mkeka, na gauni lake la safari.

"Mama Kulwa, yale niliyokuambia kuhusu maziwa si kweli."

"Yapi?"

"Kwamba yanatoa sumu. Hayatoi. Ukishavuta, umevuta."

Mama Kulwa alicheka kidogo, kama mtu anayesubiri aambiwe ni utani. "Si ulisema ulifundishwa chuoni?"

"Nilifundishwa, nikaelewa vibaya. Na hapakuwa na mtu wa kunisahihisha."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

Mama Kulwa akamtengeneza Shija shingo, ikaanguka upande wa pili, akamtengeneza tena. "Na huyu? Huyu ni moshi?"

"Sijui."

"Madam, niambie ukweli."

"Ukweli ndio huo, sijui. Inawezekana. Hata daktari anaweza asijue."

Nilitamani apige kelele. Nilitamani atutukane atufukuze. Aliposema, alisema taratibu, macho hayako kwetu. "Doto alikuwa ananiambia, mayu, nipe mtoto nikae naye nje wakati unachoma. Nikamwambia acha, mtoto analia akitoka mgongoni. Nilikuwa nachoma naye mgongoni. Nikimaliza nampa na yeye kikombe chake. Nisingejua kuna maziwa, ningempa Doto akae naye nje."

Madam alilia pale pale kwenye mkeka. Mimi nilitoka nikasimama nyuma ya choo, nikalia, na sioni haya kusema. Nina hasira na jambo hili hadi leo. Sijui niwe na hasira na nani. Nikimtafuta mtu mbaya katika habari hii nakuta Mkuu mpole, kijana mwenye mke mgonjwa, na mwanamke aliyetoa zamu yake kwa huruma.

Baada ya pale Jumamosi zake zote ziliisha kwa wachomaji. Anapita nyumba kwa nyumba na lile koti, anasema nilikosea, maziwa hayasaidii, chomeni nje mbali na watoto, tafuteni chombo cha kufunika chenye bomba la kupoza mvuke. Kuna waliomsikia. Mama Kulwa aliacha kuchoma kabisa, akahamia kwa ndugu zake upande wa Geita, Shija mgongoni. Lakini wengi walimwona amechanganyikiwa. Wakasema chombo cha kufunika kinaiba dhahabu kwa sababu huioni inavyoiva. Wakasema Madam amenunuliwa na wenye vyombo hivyo. Akina mama wa maziwa walimjia juu mwaloni: "Madam, unatuharibia biashara, sisi tumekukosea nini?" Na mchomaji mmoja mzee alimwambia usoni, "Ulivyosema maziwa ulisema umesoma. Leo unasema si maziwa, unasema umesoma. Tukuamini ukiwa umesoma lini?" Alinirudia na swali hilo ofisini akaniuliza kama mimi nina jibu.

Mwalimu wa Historia hakuwahi kuambiwa. Nilikuwa na hamu kabisa ya kumwambia. Madam akanikataza. "Mkewe alipona," alisema, na hapo mjadala ukafungwa.

Alihangaika apewe nafasi ya kuongea na walimu wenzake wa maeneo ya machimbo. Alikwenda ofisi hii na ile. Akaambiwa mwezeshaji anatakiwa awe na shahada, yeye ana stashahada. Akaambiwa aandike andiko. Akaambiwa bajeti imefungwa. Akastaafu, akarudi Samuye kulima mtama na kufuga mbuzi, na mimi nikahamishiwa shule nyingine, tukawa watu wa kupigiana simu sikukuu.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa Shinyanga mjini, kwenye mafunzo kazini ya walimu wa Kemia na Fizikia. Mwezeshaji alikuwa anatoka Dodoma, gari likamharibikia njiani, afisa aliyetusimamia akabaki anajifuta jasho. Mtu akamwambia Samuye si mbali, yuko mstaafu kule, mama mmoja wa Kemia, anaweza kuwashikia kipindi hiki. Ikatumwa bodaboda. Nikiwa nimekaa nyuma nikamwona anaingia, amekonda, amejitanda kitenge, na vidole vyake vinatetemeka mpaka akashika ukingo wa meza. Sikumuuliza kama ni uzee au ni ule moshi wa nyumba alizokuwa anapita.

Tulimwamkia. Akaitikia.

"Wanaofundisha Kemia wanyooshe mikono."

Ikanyooka mikono ya kuhesabika.

"Fizikia?"

Nikanyoosha mimi na wengine wachache.

"Na hawa waliobaki?"

Mmoja akasema Kiswahili. Mwingine akasema Biashara. Kijana mmoja akasema yeye ni wa Michezo, ukumbi ukacheka, na yeye akaeleza kwa adabu kwamba ilikuwa zamu yake. Madam hakucheka. Nilidhani atatufokea, nikajiandaa. Akakaa kitini. Nilimwona amechoka, amechoka kuliko siku ile ya mkeka, nikasema moyoni basi, amekata tamaa, atawaambia waende chai.

"Simu mnazo?" aliuliza.

Tukasema tunazo.

"Kila mtu ampigie mwalimu wa Kemia wa shuleni kwake. Sasa hivi. Ikipokelewa mniite."

Afisa akaanza kusema habari za ratiba. Madam akamwomba anyamaze, kwa adabu, akimwita mwanangu. Watu wakaanza kupiga. Akawa anapita meza hadi meza, anainama kwenye simu, anajitambulisha kwamba ni mwalimu mstaafu, alifundisha Kemia upande wa Bugarama, alifundisha jambo la uongo bila kujua na anaomba lisiendelee. Anaeleza ya pua na mapafu na tumbo. Anaambiwa asante Madam, anakwenda simu nyingine. Shule moja mwalimu wa Kemia hakuwepo kabisa, anayeshikilia kipindi ni yule yule wa Biashara aliyekaa mbele yetu. Akamwelezea yeye, na akamtaka arudie kwa maneno yake mwenyewe.

Binti mmoja anayefundisha Kiswahili upande wa Geita akanyoosha simu. "Madam, huyu amepokea. Yuko kazini."

"Mwalimu, habari za kazi," Madam alisema. "Mimi ni mstaafu, nilikuwa nafundisha..."

"Madam?" Sauti ya kiume ilipasuka kwenye spika. "Ni Madam wa Kemia? Shikamoo Madam! Sauti hii siwezi kuikosea! Umenifundisha, Madam. Mimi kufundisha Kemia ni kwa ajili yako."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakuiga kila kitu, Madam, huku nako ni machimboni. Hata ile yako ya maziwa kwa wachomaji, nawaambia wanafunzi wakawaambie mama zao. Siku hizi kijiji kizima wanakunywa!"

Madam aliishika ile simu kwa mikono yote miwili. Nikaenda nikasimama karibu yake, nikamshika kiwiko.

"Uko wapi sasa hivi?" aliuliza.

"Darasani, Madam, kidato cha tatu."

"Weka spika wanafunzi wanisikie."

"Nimeweka. Wanafunzi, simameni! Huyu ndiye mwalimu wangu niliyewasimulia!"

Tulisikia viti vikiburuzwa, kisha darasa zima kwa pamoja: "Shikamoo Madam!"

Madam aliinamia simu.

"Marahaba, wanangu. Kaeni chini," alisema. "Msimwandikie mwalimu wenu kosa. Kosa ni langu. Nisikilizeni vizuri, halafu leo mkifika nyumbani, kabla hamjala, mwambieni mama."